Gauni la Shashi ya Mikunjo

Kwa pasi sikuwa na mpinzani, na nalisema bila haya, kwa sababu ni pasi hiyo hiyo iliyokuja kuniaibisha mbele ya watu na ng'ombe wao.

Miaka ya thelathini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Nilikuwa mke kijana katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la chai, upande wa Kericho unakoelekea Sotik. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, akigeuza majani mahali pa kunyaushia, na kila jioni alirudi akinuka chai mbichi. Tulikuwa tumetoka kando ya ziwa, yeye akifuata kazi, mimi nikimfuata yeye. Nilikuja na vitu viwili vya maana: cherehani ya mkono niliyopewa misheni nilipomaliza kujifunza kushona, na pasi ya makaa nzito kama jiwe la kusagia. Cherehani ilinilisha. Pasi ilinipa kiburi.

Watu wa siku hizi hawawezi kuelewa pasi ilikuwa nini kwetu. Kambini nyumba zetu za duara zilifanana, na tope lilikuwa moja, posho moja, moshi mmoja. Mvua ya Kericho ilinyesha kila alasiri kana kwamba imeandikwa kazi. Nguo zilikaa kambani siku tatu na bado ukizishika zina ubaridi wa chura. Sasa ukimwona mtu siku ya ibada amevaa amerikani nyeupe, ile pamba nzito ya dukani, iliyotiwa wanga, imenyooka na kusimama yenyewe, ulijua huyo ana mtu anayemjali. Yule mama aliyetufundisha kushona kule misheni alikuwa akipita nyuma yetu na kidole chake, akitafuta mkunjo kwenye kola, na akiupata alikufinya hapo hapo. Mimi nilishika fundisho lake kuliko hata katekisimu. Nilipiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo. Mume wangu alikuwa akinitania, "Siku moja nitaamka nikute umenipiga pasi usingizini." Nikamwambia asinipe mawazo.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa kutoka milima ya jirani, upande wa Kisii. Alinizidi miaka kama kumi, basi nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Lugha zetu za nyumbani hazikusikilizana hata neno moja. Tulikutana kwenye Kiswahili cha kambi, yeye akikivutia kwake na mimi nikikivutia kwangu, na tukielewana vizuri sana hasa tukiwa tunamsengenya mtu. Alikuwa na mdomo, dada yule. Angeweza kukuigizia mnyapara anavyotembea hadi ukae chini kwa kicheko.

Lakini iwe jua, iwe mvua, alitembea amejitanda blanketi moja kuukuu, laini kwa uzee, akilishikilia mbele kwa mkono mmoja. Miaka sita kabla sijamjua, yeye na mwenzake walikuwa wakiteremsha debe la maji yanayochemka. Mwenzake akateleza, na maji yote yakamwagikia yeye mgongoni. Aliponea chupuchupu. Ngozi iliyoota baada ya hapo ilikuwa nyembamba na imekaza, na haikuvumilia kitu. Kikapu cha chai hubebwa mgongoni, kwa hiyo kuchuma chai hakuweza. Alilima mboga nyuma ya nyumba akauza. Amerikani ndiyo ilikuwa adui yake kabisa. Akiivaa nusu saa tu, inamkwaruza mpaka damu inatoka. Na kwa kuwa kambi haina huruma ya majina, watu walimwita Mgongo. Ukiuliza mboga, unaambiwa nenda kwa Mgongo. Hata watoto wadogo waliokuwa hawajui sababu walimwita hivyo, na yeye aliitika.

Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja, na alinieleza siku tukichambua sukuma mlangoni kwake. Alitaka kubatizwa. Imani alikuwa nayo, na masomo ya ubatizo alikuwa ameyamaliza kabla mimi sijafika kambini. Lakini zaidi ya hayo alitaka jina. Kanisani kwetu unapoingia majini mchungaji anakuuliza jina ulilolichagua, unalitaja mbele ya watu wote, na tangu hapo ni mwiko mwumini mwenzako kukuita kwa jina lingine. Alikuwa amekwisha kulichagua. Alininong'oneza sikioni, na mimi hapa sitalitaja, maana aliniambia kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu alichokifunga kwenye pindo la nguo.

Kikwazo kilikuwa gauni. Sheria ya kanisa letu ilisema mwanamke aingie mtoni na gauni jeupe, kutoka shingoni hadi vifundoni mwa mikono na miguu, na kitambaa kisichoonyesha mwili kikilowa. Mchungaji alikuwa Mzungu mzee aliyetoka mbali, akija mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, mto ukiwa mpole. Mwaka wa kwanza dada alivaa amerikani, na kabla mchungaji hajafika damu ikapenya nguoni, akarudishwa nyumbani. Mwaka wa pili alikwenda na lile blanketi lake, akarudishwa pia. Huu ulikuwa wa tatu. Mkataba wa mume wake shambani ulikuwa unakwisha mwaka huo, na kule kwao kanisa letu halikuwapo. Aliniambia haya yote akiendelea kuchambua sukuma, halafu akasema, "Kitambaa pekee ambacho mgongo wangu umewahi kukipenda ni kile cha zahanati, kile cha kufungia kidonda. Sasa nani abatizwe amefungwa bandeji?" Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, iliniuma.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Sotik kununua uzi. Katika duka la Mhindi mmoja, kwenye kona, palikuwa na jora la shashi nyeupe ya pamba ambayo yote ilikuwa mikunjo mikunjo, kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Wanawake waliokuwa dukani walikuwa wakiicheka, ati kuna mtu aliyeilalia njia nzima kutoka Mombasa. Mwenye duka alinieleza kwa unyonge kwamba hivyo ndivyo ilivyofumwa. Aliwaletea wake wa Wazungu wa mashamba washonee magauni ya wakati wa joto. Wawili walinunua, wengine wakasema Kericho hakuna joto la kutosha nguo ile. Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Halafu nikatia mkono chini ya kitambaa nikakiinua. Hakikulala kiganjani. Kilinigusa kwa vilele vya mikunjo yake tu, na katikati hewa ilikuwa inapita. Nikakumbuka maneno ya dada ya kitambaa cha zahanati, na nilirudi nyumbani na yadi kadhaa, uzi wenyewe nikiwa nimeusahau.

Nilimpelekea moja kwa moja. Alikipitisha shavuni, akakipitisha shingoni, kisha akaingiza kipande chini ya blanketi, mgongoni. Mimi nikatazama pembeni. Hakuutoa mkono upesi, hata nikafikiri kimemuumiza. "Hakinishiki," akasema. "Mdogo wangu, kiko hapo na hakinishiki." Nilipogeuka machozi yalikuwa yanamtoka na uso wake haujabadilika hata kidogo.

Basi nikatoa futi nimpime. Akageuka, akaanza kuteremsha blanketi, na mimi, fundi mzima, nikasema upesi, "Hapana dada, baki hivyo hivyo, nitapimia juu." Nilijiambia ninamsitiri. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa. Kambini walisema ngozi iliyoungua vile ukiigusa inabaki mkononi, na mimi niliyejiona msomi nilikuwa nimeamini upuuzi huo. Nikapima juu ya blanketi, nikapunguza kwa kukisia. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa," akajivutia blanketi hadi shingoni. Ningeliweza kuliona jambo lililokuwa usoni mwake kama ningetaka. Niliandika vipimo vyangu nikaenda zangu.

Siku iliyofuata mwalimu wa kanisa alipita. Yeye ndiye aliyefundisha wanaobatizwa, na ndiye aliyekagua magauni Alhamisi kabla ya ubatizo. Alikuta shashi imetandazwa mezani kwangu. Akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, mama? Ni ya kulalia?"

"Ni gauni la ubatizo, mwalimu. La dada yule jirani."

"Wewe unayejulikana kwa pasi?" Akatikisa kichwa. "Mtu haendi mbele za Mungu kama ametoka kitandani. Nikiona mikunjo hii Alhamisi, nitamrudisha, na itaniuma, maana huyo nimemrudisha mara mbili na sikulala vizuri."

Sikumchukia. Mwalimu yule alikuwa na shati moja tu, alilifua jioni na kulivaa bichi asubuhi, na halikuwahi kuwa na mkunjo. Lakini maneno yake yalinichoma pale pale palipo na kiburi. Ati mimi, nitoe nguo yenye mikunjo? Hapo nilikwisha kumsahau dada. Nilibaki mimi na kitambaa, na nilikusudia kukishinda.

Nilikoroga wanga wa muhogo, mzito. Nikainyunyizia shashi maji kama inavyopaswa, na mara ile ikajikunyata, ikasinyaa mbele ya macho yangu kama kiwavi aliyeguswa. Nikaivuta. Ikarudi. Nikaiwekea mawe pembeni, nikaipaka wanga, nikashusha pasi ikiwa na makaa mekundu hadi juu, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Mvuke ukanipanda usoni. Kidogo kidogo ikakubali. Nilifanya kazi ile siku mbili, na nilipomaliza kilikuwa kitambaa kingine kabisa, laini, kinang'aa, na tena kilikuwa kimeongezeka upana karibu nusu. Nikafurahi nikidhani nimepata faida. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimenieleza tabia yake waziwazi, mara mia, na mimi nilichukulia kuwa ni ukaidi.

Nikakata. Kwa kuwa shashi ni nyepesi na sheria inakataza mwili kuonekana, niliifanya tabaka mbili. Mishono niliikunja mara mbili na kuipitishia cherehani mara mbili, ile mishono ambayo gauni likichakaa yenyewe inabaki. Vifungo mbele hadi kidevuni. Mikono mirefu, pindo pana. Lilikuwa gauni zuri kuliko lolote nililokuwa nimewahi kushona, na bado nasema hivyo.

Dada alipolijaribu alilishika sehemu ya kifuani akalisugua kwa vidole. "Mbona kimekuwa kama amerikani?"

"Ndivyo nguo ya maana inavyokuwa, dada. Ni wanga tu."

Akasogeza mabega, mara moja, mara mbili, kama mtu anayemkwepa nzi. Nilimwona. Halafu akatabasamu. "Linakaa vizuri. Nitavumilia, ni siku moja." Nami nikameza maneno hayo kama sifa. Nilikuwa nimechukua kitu kimoja tu ambacho mgongo wake ulikipenda nikakipiga pasi mpaka kikafa, na yeye, kwa adabu, akanishukuru.

Alhamisi mwalimu alilikagua gauni ndani na nje, akasema wengine waje wajifunze kwangu. Nilitembea kambi nzima nikiwa nimeinua shingo.

Siku ya ubatizo jua lilitoka mapema, ukungu ukaondoka bondeni kabla ya saa tatu. Sisi tuliokwisha kubatizwa tulisimama ukingoni na mablanketi makavu ya kuwapokea wanaotoka. Ng'ambo ya mto wanawake wa Kipsigis waliokuwa wamepeleka ng'ombe kunywa maji walisimama kututazama, kwani ni nani asiyetazama watu wazima wakizamishwa mtoni na nguo zao? Mchungaji alikuwa majini hadi kiunoni, midomo imekuwa ya samawati kwa baridi, lakini anatabasamu kwa kila anayekuja. Mwalimu alisimama karibu na ukingo akiwaongoza. Mtu anaingia, anaulizwa jina, analitaja kwa sauti, anazamishwa, anatoka. Dada alikuwa wa saba.

Aliingia akitembea wima, amenyooka, mweupe. Nilijaa furaha kifuani. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani. Ndipo nikaona pindo linatikisika kwa namna ambayo si ya mkondo. Alipofika kiunoni gauni lilianza kujikusanya. Wanga uliyeyuka, na mikunjo yote niliyoizika kwa siku mbili ikafufuka pamoja, tabaka zote mbili, ikipanda kutoka kiunoni kwenda kifuani kadiri maji yalivyopenya. Nilijua papo hapo nilichokifanya. Nilikuwa nimemkatia gauni kwa upana wa pasi, na sasa nguo inarudi kwenye upana wake, naye yumo ndani.

Mchungaji akamuuliza jina. Dada akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Akajaribu kuinua mikono, ikakwama mabegani. Mishono yangu ilimshika kwapani na kumbana kifua, na mgongoni, Mungu anisamehe, ilimbana pale pale. Mchungaji akauliza tena, polepole. Dada alikuwa anahema kwa vipande vipande, ametoa macho. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema, "Maji yamemkataa." Mwingine akalipokea. Likapita ukingoni kutoka mdomo hadi mdomo: maji yamemkataa, mara ya tatu sasa, huyu Mgongo ana jambo. Nawaambia, neno kama hilo katika kambi yetu lilikuwa baya kuliko kuungua. Mtu akishasemwa kuwa maji yamemkataa, hakuna atakayenunua hata jani la mboga mkononi mwake. Nikamwona mwalimu, uso umemshuka, ananyoosha mkono kumwita arudi.

Sikumbuki nilivyoliacha blanketi. Nakumbuka baridi ya maji tumboni na viatu vyangu vikinyonywa na tope. Nilimfikia nikamshika bega. "Dada, ni nguo," nikamwambia. "Ni nguo tu." Lakini hilo halikutosha, maana ukingo wote ulikuwa umeshaamua. Basi nikageuka, nikasema kwa nguvu zangu zote mbele ya wote waliokuwa wakinisifu tangu Alhamisi: "Maji hayajamkataa! Mimi nimeshona vibaya. Nimeharibu kitambaa kwa pasi, na sasa kinamkaba. Kosa ni langu, si lake wala si la maji."

Hata ng'ombe wa ng'ambo nafikiri waliacha kunywa wakanitazama.

Mkasi sikuwa nao. Niliuma mshono wa ubavuni kwa meno nikavuta, na mshono wangu mzuri ukakataa. Hapo ndipo nilipojichukia sawasawa. Nikaacha mshono, nikashika shashi yenyewe karibu na kola, nyuma, nikairarua kwa mikono miwili kuelekea chini. Ilipasuka hadi kiunoni. Dada akavuta pumzi ndefu yenye sauti, kama mtu aliyekuwa amezama tangu zamani.

Mgongo wake ukawa wazi mbele ya kanisa zima. Nyama imejikunja, imevutana, mistari juu ya mistari, na katikati palipokwaruzwa na wanga palikuwa pametoka damu. Nguo bado ilikuwa imemng'ang'ania hapo. Nikaweka viganja vyangu, nikaanza kuibandua taratibu. Ngozi ile haikubaki mkononi. Ilikuwa ya moto ndani ya maji yale baridi, na chini yake niliusikia moyo wake ukienda mbio.

Mwalimu aliita kutoka ukingoni, "Mfunike, mama, mfunike." Nikaanza kuzikusanya ncha za kitambaa. Dada akasema, "Acha." Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie mtoni. Kisha akamtazama mchungaji, na bila kuulizwa tena akataja jina lake. Alilitaja kwa sauti iliyovuka mto. Wale wanawake wa ng'ambo walilisikia.

Mchungaji, anapomzamisha mtu, humwekea mkono mmoja mgongoni. Nilimwona akisita, mkono uko hewani, hajui auweke wapi asimuumize. Nikamwambia, "Ninaye mimi." Akaelewa. Akamshika mkono tu, akasema maneno yake, na dada akalala nyuma juu ya viganja vyangu vyote viwili, nikamteremsha majini na kumwinua. Kwa hiyo mimi nami nililowa hadi nywele, na mume wangu alisema baadaye kwamba mke wake alibatizwa mara ya pili bila kuombwa, ili tu afutwe kiburi.

Dada alilala kifudifudi zaidi ya juma zima. Nilimpelekea uji, nikamchumia mboga, nikaziuza kwa niaba yake, na kila aliyekuja kuuliza kwa Mgongo nilimwambia simjui mtu huyo. Lakini ndani nilikaa naye kama mshtakiwa. Siku niliyopata ujasiri nilikwenda na kile kipande cha shashi kilichobaki, ambacho hakikuwa kimeonja pasi, nikapiga magoti kando ya kitanda chake.

"Nisamehe, dada. Nilijua kinachokufaa, nikakifuta ili nisifiwe."

Alikuwa amegeuzia uso ukutani. "Hilo la pasi nimekwisha kulisamehe," akasema. "Nilicheka peke yangu jana. Gauni linanila mbele ya mchungaji." Kisha akaongeza, "Kilichoniuma ni siku ile ya futi."

Nilitazama mikono yangu.

"Mgongo huu umeguswa na daktari," akasema. "Na maji. Mume wangu ni mtu mwema, lakini hulala akitazama upande mwingine, na mimi sikumlaumu. Miaka sita. Halafu ukaja wewe, fundi, kazi yako ni kupima watu, na wewe nawe ukanipimia blanketi." Hapo mimi nikalia waziwazi kama mtoto, sikujizuia.

Aliniacha nilie hadi nikamaliza. Kisha akaketi, polepole, akaliachia blanketi likaanguka kiunoni, akanipa mgongo.

"Bado nahitaji nguo ya kurudi nayo kwetu," akasema. "Lete futi."

Nilimpima kutoka bega hadi bega, kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa vidole vyangu vyenyewe juu ya ngozi yake, bila haraka, na kila alipotakiwa kugeuka nilimwita kwa jina lake.